Filimbi Niliyoing'arisha kwa Ajili ya Mazishi

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Julai, miaka kumi na moja iliyopita, filimbi ya fedha ya Mwalimu Wawira ilikosa sauti kando ya kaburi lake huko Kibugu, mikononi mwa binti yake. Aliyeisafisha filimbi hiyo ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu sipendi msomaji afike katikati ndipo ajue anafundishwa kazi na mtu wa namna gani.

Nimestaafu mwaka huu. Kwa miaka thelathini na mitatu nilikuwa mtunza stoo ya ala za muziki katika shule ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji wa Meru. Kendi, aliyepokea funguo kutoka kwangu, aliniomba niandike ninachojua kuhusu kutunza vyombo, ili yeye na watakaomfuata wasianze gizani kama nilivyoanza. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Vyeo sitavitaja. Nilipandishwa mara moja tu, na barua ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Kwetu ni Ruiri, na hadi nilipofikisha miaka ishirini na saba kazi nilizozijua zilikuwa za ng'ombe na viazi. Shule iliniajiri nikate nyasi. Baada ya miezi miwili mtunza stoo akaondoka ghafla, na mwalimu mkuu akanipa funguo kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimesimama karibu. Ndani nilikuta tarumbeta saba, ngoma nne, matoazi, na klarineti moja ambayo panya walikuwa wamezalia ndani ya sanduku lake. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Nikafanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya akikuta chombo cheusi. Nilichota jivu jikoni, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikakaa kwenye ngazi na kusugua tarumbeta moja mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi.

Mwalimu Wawira alinikuta hapo. Alikuwa mwalimu mpya wa muziki, mtu wa Embu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitazama tarumbeta, akatazama jivu, akakaa juu ya kreti ya soda.

"Umeiosha na nini?"

"Jivu, mwalimu."

"Na hiyo?"

"Waya ya sufuria."

"Kwani ulitaka kupika ndani yake?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniambia, bila kicheko, kwamba nimeondoa ngozi ambayo haitarudi, na kwamba kosa ni la walionipa funguo bila maneno. "Jumamosi tunaenda mjini," akasema. "Kuna mzee atakufundisha. Atakutukana. Usikasirike, hivyo ndivyo anavyosalimia."

Mzee Rajabu alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya mabucha ya mjini Meru. Katika ujana wake alitengeneza vyombo vya bendi moja ya serikali. Mimi nilimkuta akitengeneza cherehani, majiko ya mafuta ya taa, na kila tarumbeta ya shule na ya kanisa iliyopinda kati ya Meru na Embu. Baba yake alikuwa ametoka Tanganyika na mama yake alikuwa Mmeru. Kiswahili chake kilitiririka. Kimeru alikitumia kwa matusi tu.

"Huyu ndiye muuaji wa tarumbeta?" aliuliza.

"Ndiye," Mwalimu akajibu. "Lakini anasikia."

"Tutaona kama anasikia. Keti, Mmeru. Usiguse kitu."

Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miaka miwili, na katika mwezi wa kwanza sikugusa kitu kweli. Nilimtazama. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla hujashika chombo alikutaka useme kwa sauti kinakosa nini. Ukisema, "Hiki kifuniko hakizibi," anakupa bisibisi. Ukisema, "Springi imelegea," anakupa koleo ndogo. Lakini ukisema, "Ni kichafu," anakutoa nje.

"Nenda ukanywe chai na wauza nyama. Mimi sijakuuliza kinavyoonekana. Nimekuuliza kinakosa nini."

Nilikunywa chai nyingi na wauza nyama mwaka huo. Wao walidhani mimi ni mteja asiye na pesa.

Filimbi yenyewe niliiona mara ya kwanza pale kibandani. Mwalimu Wawira aliachiwa na mwalimu wake wa chuoni alipokuwa akirudi kwao ng'ambo, na aliibeba ndani ya mfuko wa kitambaa kama mtu abebavyo mayai. Wanafunzi huiita fluti. Ina vipande vitatu: kichwa, chenye tundu la kupulizia, mwili, wenye vifuniko vingi, na mguu, mfupi, wa sauti za chini. Kila kifuniko kina pedi ndani yake, yaani kipande cha mviringo cha sufi kilichofungwa kwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Pedi ikikaa sawa juu ya tundu, sauti inatoka. Hewa ikipata upenyo mdogo tu, hata wa unene wa unywele, sauti za chini zinakufa, na mpulizaji hudhani ni pumzi yake.

Siku ile filimbi ilikuwa imeanza weusi kwenye mwili na karibu na tundu la mdomo. Mzee Rajabu aliniuliza inakosa nini.

"Imekuwa nyeusi, mzee."

"Weusi umemkosea nani?"

Nikaitazama tena.

"Fedha ikikutana na jasho, na moshi wa jikoni, na hewa, inakuwa nyeusi. Sauti haijui rangi. Na hii si fedha mpaka ndani, kijana. Ni chuma kingine kimevishwa fedha, nguo nyembamba. Ukisugua kila mwezi, mwaka wa tano utaona matako yake."

"Mzee!" Mwalimu Wawira akasema.

"Nisamehe, mwalimu. Utaona mwili wake."

Kendi, sehemu inayofuata ndiyo uliyoniomba. Filimbi ikishapulizwa ifungue vipande vitatu kwa kushika pale pasipo na vifuniko, kwa sababu wengi huvipinda wakati wa kuifunga na kuifungua na si wakati wa kuipiga. Pitisha kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye kijiti chake, ndani ya kila kipande, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nje, futa jasho la vidole kwa kitambaa kingine laini, kikavu. Tundu la mdomo lifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, maana wasichana huambukizana mafua. Kifuniko kikinata, ingiza karatasi ya sigara chini yake, kibonyeze polepole, iondoe karatasi baada ya kukiachilia, rudia. Karatasi uombe kwa mlinzi, usinunue paketi nzima, watu watasema. Mafuta ni tone moja kwenye ncha ya sindano, pale ambapo vijiti vya chuma vinazunguka, mara moja kwa mwaka. Kama ni lazima uondoe weusi, tumia kitambaa kikavu cha kung'arishia fedha, sugua pale tu kidole kinapofika bila kugusa mtambo, na uache mahali pengine palivyo. Maji yoyote, dawa yoyote ya majimaji, isikaribie vifuniko.

Haya yote niliyajua. Niliyajua kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya Julai ile. Kila mwisho wa muhula Mwalimu Wawira aliniletea filimbi yake, nami niliifanyia hivyo, na kila mara aliijaribu mbele yangu kwa kushuka mpaka sauti ya chini kabisa, ile inayotetemesha dirisha la stoo. Kisha alisema, "Haya, muuaji," na kwenda zake.

Mzee Rajabu alifariki Jumanne moja asubuhi. Waislamu hawachelewi. Nilipopata habari nikaomba ruhusa, nikafika mjini saa kumi, nikakuta wameshamfunika udongo na watu wameanza kutawanyika. Hapakuwa na bendi wala kitambaa cha rangi. Muuza nyama mmoja alinitambua, akanishika mkono, akasema, "Yule wa chai." Nilisimama hapo kidogo, nikarudi shuleni.

Kwa upande wetu mambo ni tofauti. Mazishi ya mwalimu ni jambo la kuonekana. Shule huja na basi, wasichana na soksi nyeupe, na bendi hutangulia jeneza. Kila Ijumaa kabla ya mazishi kama hayo, stoo yangu ilikuwa kama jiko la sherehe. Kila tarumbeta hupakwa dawa ya kung'arishia shaba, huachwa ikauke, husuguliwa kwa kitambaa mpaka uone uso wako. Mtu akija na chombo kichafu mazishini, watu wa kwetu hawasemi chombo ni kichafu. Wanasema marehemu hakuheshimiwa.

Mwalimu Wawira aliugua mwaka mzima. Mwaka huo filimbi haikuja kwangu. Alipofariki, binti yake Wanja alikuwa kidato cha tatu katika shule yetu. Mama yake alikuwa amemfundisha filimbi tangu akiwa na miaka saba, na alikuwa mzuri kuliko msichana yeyote niliyemsikia katika shule ile. Walimu walikubali apige wimbo mmoja peke yake kaburini, kabla ya udongo.

Aliileta Ijumaa mchana. Nilipofungua sanduku nilishtuka. Ilikuwa nyeusi kama kijiko kilichosahaulika shambani.

"Mzee," akasema, "nimeijaribu. Inalia. Kuna kifuniko kimoja kinanata kidogo tu. Unaweza kukiangalia?"

"Niachie. Kesho utaipata."

"Ni hicho kimoja tu."

"Nimesikia, mama. Nenda ukapumzike."

Nataka nieleze jambo hili sawasawa. Hakuna aliyeniagiza. Mwalimu mkuu hakuingia stoo siku hiyo. Wanja aliniambia kwa midomo yake filimbi inakosa nini, kifuniko kimoja kinachonata, jibu ambalo Mzee Rajabu angempa karatasi ya sigara papo hapo. Mimi ndiye niliyetazama ule weusi nikawaona watu wa Kibugu wakitazama. Nikafikiri: mwalimu aliyenitoa kwenye jivu, nimpeleke kaburini na chuma cheusi? Tarumbeta za wengine zing'ae na yake iwe hivi? Machozi yalikuwa karibu, na mkono wangu ulikuwa tayari una kitambaa chenye dawa ya shaba. Nikaanza na kichwa. Kikang'aa mara moja. Nikaendelea na mwili.

Kazi kama hiyo, kama ingefaa kufanywa, ingetaka kuondoa mtambo wote, kila kijiti na kila kifuniko, siku mbili. Sikuondoa hata skrubu moja. Nilisugua juu ya vifuniko, kati ya vijiti, kila mahali kitambaa kilipofika na penye kona nikatumia mswaki wa zamani. Ilipofika jioni ilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Nilibonyeza vifuniko, vikashuka na kupanda. Dawa ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo kila kitu kiliteleza vizuri. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe.

Asubuhi, ndani ya basi, nilimkabidhi Wanja sanduku. Alifungua akaona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Imekuwa kama mpya."

"Usiishike kabla ya wakati," nikamwambia. "Utaacha alama za vidole."

Basi lilikuwa na wasichana arobaini na tano na tarumbeta. Angeweza kuipuliza njia nzima na hakuna ambaye angelalamika. Lakini alinitii. Alikaa na sanduku mapajani, limefungwa, mpaka Kibugu.

Julai Kibugu ni ukungu. Chai inakuwa na maji juu ya majani mpaka mchana, na pumzi ya mtu inaonekana. Kaburi lilikuwa kando ya shamba la chai la baba yake Wanja. Bendi ilipiga, mchungaji akasema, na Wanja akaitwa. Alifungua kile kitambaa cheupe na watu wakanong'ona kwa kuipenda. Mama mmoja karibu nami alisema, "Tazama inavyowaka." Mimi nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa pumzi moja nilijisikia vizuri.

Kisha akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka kama mtu anayepiga mluzi na meno yameng'oka. Alipotaka kushuka hapakuwa na kitu, hewa tu. Nikaona kifuniko kimoja kimekaa chini, hakipandi. Dawa ilikuwa imekauka usiku kati ya vijiti ikawa kama saruji, na pedi zilikuwa zimeinywa zikavimba. Alianza tena. Alianza mara ya tatu. Mwalimu wa bendi akaona huruma, akatoa ishara, tarumbeta zikauchukua wimbo, na Wanja akabaki amesimama na kile chuma kinachowaka mkononi mpaka baba yake akaja kumshika bega.

Ndani ya basi alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa analia.

"Mzee, filimbi ilikuwa sawa?"

Nilikuwa nimeona ule unga mweupe kwenye vijiti alipoirudisha sandukuni. Nilijua vya kutosha.

"Ilikuwa sawa," nikasema. "Ni baridi, na machozi. Pumzi ya mtu mwenye msiba haitulii. Usijali."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. Tulipofika shuleni akaniwekea sanduku mlangoni. "Kaa nayo, mzee. Mimi siwezi."

Jumatatu niliifungua yote kwa bisibisi. Sitaeleza zaidi. Pedi kumi na moja zilikuwa zimeharibika, na kwenye kichwa, chini ya mdomo, fedha ilikuwa imetoka na chuma cha manjano kinachungulia. Nilifunga mlango wa stoo nikakaa. Nilikusudia kumwambia siku hiyo. Nikakusudia Jumanne. Wanja hakurudi kwenye bendi. Nilimwona kwenye foleni ya chakula, nikajiambia ameshapona, kwa nini nimchokoze. Alimaliza kidato cha nne, akaondoka, na siku hiyo pia nilikuwa stoo na mlango wazi, na nilimwona akipita na sanduku lake la bati kichwani.

Kuitengeneza kulinichukua miaka mitatu, kidogo kidogo. Pedi zilitoka Nairobi kwa mkono wa mwalimu mmoja. Niliondoa kila kijiti, nikakifuta, nikakirudisha. Nilipima kila kifuniko kwa kipande chembamba cha karatasi: kikikwama pande zote sawasawa, pedi imekaa. Ilipokamilika nilimwomba msichana wa kidato cha pili aipulize, na sauti ya chini ikatoka mpaka dirisha likatetemeka. Yule mtoto alifurahi, akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya shule. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza.

Baada ya hapo weusi ulirudi taratibu, nami nikauacha.

Wiki niliyokuwa nikimkabidhi Kendi stoo tulipitia orodha chombo kwa chombo. Akafika rafu ya juu.

"Mzee, hii haiko kwa orodha. Ni ya nani?"

"Ni ya Wanja."

"Wanja ni nani?"

Nikamweleza. Sikuwahi kumweleza mtu, hata mke wangu. Kendi ni mtu wa mjini, ana haraka, na nilidhani atasema tu pole. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Na yeye anajua?"

"Hapana."

"Sasa mimi niandike nini hapa?"

"Usiandike."

"Hapana, mzee. Sipokei stoo yenye kitu kama hicho. Mpelekee mwenyewe."

Nikaipeleka Kibugu Alhamisi iliyofuata. Wanja nilimkuta shambani, nailoni ya kukinga umande imefungwa kiunoni, kikapu mgongoni, anachuma chai. Alinitazama kwa muda.

"Mzee wa stoo? Ni wewe kweli? Umekonda!"

"Ni mimi. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeleta filimbi ya mama yako. Na kuna jambo nilipaswa kukuambia."

Aliendelea kuchuma nilipokuwa nikisema, mikono miwili, majani mawili na chipukizi, anatupa nyuma bila kutazama. Nilisema yote, ya kitambaa, ya dawa, ya alama za vidole, ya basi. Nilipofika Jumatatu mikono yake ikasimama.

"Jumatatu gani?"

"Ile iliyofuata mazishi."

"Kwa hivyo ulijua nikiwa bado shuleni."

"Nilijua."

"Na kwa basi?"

"Hata kwa basi."

Alitoa kikapu mgongoni akakiweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilidhani nimekuja kuomba msamaha kwa aibu ya siku moja, msichana kukosea wimbo mbele ya watu.

"Unajua walisema nini hapa?" akauliza. "Walisema mama amekataa."

Sikuelewa, akanieleza. Muhula ule alikuwa amekosana na mama yake. Alimwambia hataki filimbi, hataki muziki, amwache aishi maisha yake. Mama akapelekwa hospitali na hakuzungumza tena. Shangazi yake Marigu, dada ya baba, alilijua jambo hilo. Filimbi ilipokosa sauti, Shangazi alisema mbele ya wanawake wote kwamba marehemu ameukataa wimbo wa mtoto aliyemdharau.

"Wazee wa kanisa walikuja kuniombea mara tatu. Nikaolewa upande wa Runyenjes. Mtoto wa kwanza akatoka kabla ya siku zake, Shangazi akasema ni yale yale. Wa pili akatoka. Watu wa bwanangu wakasikia. Nikarudi nyumbani." Alisema hayo kama anayesoma orodha. "Mimi mwenyewe niliamini, mzee. Nilikuwa nakuja hapo kwa kaburi kumwomba. Miaka yote hiyo."

Nilisema pole. Neno hilo lilikuwa dogo.

"Twende ukamwambie," akasema.

"Nani?"

"Shangazi. Ni mzima. Yuko pale."

Shangazi Marigu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anaota jua, mama mzee sana, na masikio yamechoka. Nilimsalimia kwa Kimeru, maana Kiembu chake na Kimeru changu vinasikilizana. Nikaanza kusema kwa adabu, kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Nasema kuhusu filimbi, mama. Siku ya mazishi."

"Sema kwa nguvu. Sikio hili limekufa."

"Filimbi niliiharibu mimi!"

"Nani?"

"Mimi! Mtunza stoo! Niliipaka dawa mbaya, ikaziba! Mtoto hakukosea! Mama yake hakukataa kitu!"

Upande wa pili wa ua kulikuwa na wanawake watano au sita wanachuma. Waliacha kuchuma. Mmoja alicheka kidogo. Shangazi alinitazama tangu viatu mpaka kofia.

"Miaka hiyo yote ulikuwa bubu?"

"Nilikuwa mwoga, mama."

"Kwa nguvu!"

"Nilikuwa mwoga!"

Akatafuna hilo kwa muda, midomo ikienda. Hakumtazama Wanja. Akasema, kama mtu yeyote wa heshima mgeni akiwa mlangoni, "Mpikie mgeni chai."

Wanja hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye jiwe na sanduku la filimbi magotini, halijafunguliwa. Nikasema sihitaji chai. Tukakaa watatu hivyo, na wale wanawake wakarudi kwenye majani yao, mpaka gari la kubeba chai likapiga honi huko chini barabarani. Wanja akaliweka sanduku chini karibu na mguu wa shangazi yake, akaenda kubeba kikapu chake, akaanza kuteremka.

Alifika kwenye kona ya ua, akasimama, akarudi. Alichukua sanduku bila kutuangalia, akalisukuma ndani ya kikapu, juu ya majani mabichi yenye maji ya ukungu, mahali ambapo fedha haifai kuwekwa hata kwa dakika moja. Sikumkataza. Akateremka nalo kuelekea garini.